Fundi, mbona sauti yangu inabaki nyuma ya kinanda?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwanakwaya, niko Morogoro. Nimeanza kurekodi nyumbani kwa kompyuta ndogo, programu ya Audacity, saundi kadi ya USB yenye matundu mawili na maiki ya kondensa. Kinanda nilikirekodi kwanza, kimetoka safi. Tatizo ni nikiingiza sauti: kwenye hedifoni najisikia kama kuna mtu ananiigiza nyuma yangu, na nikisikiliza baadaye naona nimebaki nyuma ya kinanda. Mwalimu wetu anasema sina mapigo. Mdogo wangu anasema kompyuta imezeeka, ninunue nyingine. Hedifoni ni za Bluetooth, wala hazina shida. Nifanye nini?*
Mwanakwaya, Morogoro

Marahaba. Kompyuta usinunue. Na mwalimu mwombe avute subira, maana neno hilo la mapigo nililisema mimi kabla yake na bado linaniuma.

Mwaka 2009, chumba changu cha kurekodia kikiwa Tandika, nilimrudisha dada mmoja wa sauti ya pili mara kumi na moja kwenye kiitikio kimoja. "Dada, unachelewa." Anarudia. "Dada, bado." Mwishowe akatoka analia. Kesho yake nikiwa peke yangu nikaona niuimbe mwenyewe mstari ule nipate cha kumwonyesha. Na mimi nikachelewa, kwa kiasi kile kile, mara zote tatu. Binadamu akikosea mapigo hukosea leo hivi kesho vile. Ukiona kosa limepimwa kwa rula, ujue ni la mtambo.

Liko hivi. Kompyuta haipitishi sauti tone kwa tone kama bomba. Inakinga ndoo, ikijaa ndiyo inamimina, na ndoo hiyo mafundi tunaiita bafa. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, bafa ya sampuli 1024 inachukua milisekunde 23 kujaa. Sauti yako inajaza ndoo ikiingia na nyingine ikitoka, kwa hiyo unajisikia umechelewa milisekunde 46 hivi, hapo sijahesabu vipande vingine vya safari. Namba hiyo inaonekana ndogo. Lakini sauti hewani huenda sentimita 34 kwa milisekunde moja. Milisekunde 46 ni sawa na kusimama karibu mita kumi na sita kutoka kwenye mdomo wako mwenyewe: kinanda kiko madhabahuni, wewe uko mlangoni.

Sasa ongeza hizo hedifoni zako ambazo hazina shida. Bluetooth ina ndoo zake: inaufunga muziki vifurushi, inaurusha, sikioni unafunguliwa. Kazi hiyo mara nyingi hupita milisekunde 150, yaani mita hamsini na ushee. Umeshatoka kanisani, uko barabarani. Kinanda kinakufikia kimechelewa, wewe unaimba sawasawa na unachokisikia, na kompyuta inakuandika umebaki nyuma. Kwa maneno mengine, mapigo unayo. Usingekuwa nayo, ungebahatika kuingia sahihi hata mara moja.

Fanya hivi leo jioni. Hedifoni za Bluetooth mrudishie mdogo wako akasikilizie mpira. Tafuta za waya, hata za bei ya chini, uzichomeke kwenye saundi kadi yenyewe na si kwenye kompyuta. Tundu lake kwa kawaida ni lile nene, kwa hiyo utahitaji adapta ya kutoka ndogo kwenda kubwa. Kisha angalia usoni pa saundi kadi kama kuna kitufe kilichoandikwa Direct au kishikio cha Mix. Ukikiwasha, sauti yako inatoka kwenye maiki na kuja sikioni moja kwa moja, haipitii ndoo yoyote. Ukishamaliza, ingia kwenye Audacity uzime ile sehemu inayokurudishia sauti yako kupitia programu wakati unarekodi. Usipoizima utajisikia mara mbili, na yule anayekuigiza atakuwa bado yupo.

Hapo tatizo la kujisikia limeisha. Linabaki la pili, sauti kukaa mahali pake kwenye mstari. Audacity haijui mtambo wako unachelewa kiasi gani, inakisia tu. Kwenye mipangilio ya sauti utakuta namba ya fidia ya ucheleweshaji (Latency compensation), imeanzia milisekunde hasi 130. Hiyo ni kanzu ya saizi moja kwa watu wote. Ipime upya mwilini mwako: tengeneza mstari wa midundo ya kuhesabia, tok, tok, tok. Bandika upande mmoja wa hedifoni kwenye maiki kabisa, ugusane nayo, halafu rekodi sekunde ishirini. Utapata mistari miwili, wa juu midundo yenyewe, wa chini ilivyosikika na maiki. Kuza picha mpaka mdundo mmoja ujaze kioo, kokota kutoka mwanzo wa tok ya juu hadi mwanzo wa tok ya chini, usome urefu pale chini. Ikiwa ya chini imechelewa milisekunde 45, badilisha hasi 130 iwe hasi 175. Rekodi tena. Zikilingana, umemaliza. Ukibadilisha saundi kadi au bafa, pima upya.

Kiitikio ulichokwisha kurekodi usikifute. Kivute kushoto kwa mkono mpaka kikae sawa, kisha kamsikilizishe mwalimu. Mimi yule dada sikumpata tena.

*Fundi, nimekusanya trei za mayai mia mbili za kubandika ukutani ili jirani na bodaboda wasisikike. Nitumie gundi gani?*
Msomaji, Mbagala

Usitumie yoyote, rudisha trei kwa muuza mayai. Kelele inazuiwa na uzito, na trei haina uzito. Pia ni karatasi, cheche moja inatosha. Kinachopungua kidogo ni mwangwi wa zile sauti nyembamba, *s* na *sh*. Sauti nene zinapita kama hukubandika kitu: wimbi la herzi 100, yaani mitikisiko mia kwa sekunde, lina urefu wa mita tatu na nusu, trei ina unene wa sentimita tano.

Simamisha godoro nyuma yako unapoimba, uso wako uelekee kabati la nguo lililo wazi, na nguo zimo. Piga kofi moja. Likijibu "taa" ya kavu, anza kazi. Likijibu kwa mlio wa bati, ongeza blanketi. Bodaboda hazina dawa ila saa: kwangu watoto wakishaenda shule, saa tatu hadi saa tano asubuhi, mtaa hulala. Na feni zima. Jasho halisikiki.

*Kila nikichomeka chaja ya kompyuta, gitaa langu linaunguruma kwenye spika. Nikichomoa linanyamaza. Ni gitaa bovu?*
Mpiga gitaa, Tanga

Umeshajijibu, kaka. Umeme wetu ni wa herzi 50, na ungurumo huo unaingia kupitia chaja, hasa kama plagi ni ya miti miwili isiyo na waya wa ardhi. Jaza betri wakati unakula, chomoa, rekodi.