Kabureta Husingiziwa

Wewe unayeanza kushika spana hapa Malindi, utaletewa Land Rover kuukuu iliyovuliwa kabureta yake ya Zenith (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) ikavishwa ya Weber, na mwenyewe atakwambia kabureta ni mbovu. Usimwamini bado. Mimi nilimwamini. Siku mbili nilizungusha skrubu, injini inanguruma juu na kukataa kushuka, kumbe gasketi ya kile kibati cha kuungia Weber na manifoldi (bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye injini) ilikuwa ikivuta hewa. Injini ikiwaka, nyunyizia maji kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umemkamata mwizi wako. Petroli usinyunyize. Kuna waliochoma nyusi.

Basi anzia mbali: tapeti, yaani nafasi ya valvu (milimita 0.25 kwa ile injini ya petroli ya lita 2.25), platini (viguso vya umeme wa cheche), plagi, taimingi (wakati wa cheche). Ndipo uje kwenye kabureta, injini imeshapata moto na choki imerudishwa.

Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze. Ncha yake ikiumia, basi tena. Irudishe mzunguko mmoja na nusu, uwashe. Ifunge kidogo kidogo mpaka injini iyumbe, kisha ifungue hadi ichangamke na kutulia. Mwendo ukipanda, ushushe kwa skrubu ya mwendo, halafu urudie mchanganyiko. Nenda rudi mara tatu, nne. Ikidai zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ya mwendo wa chini (kitundu cha kupitishia petroli) ni ndogo. Usibishane nayo kwa bisibisi.

Halafu kuna jambo la Nairobi. Kabureta nyingi hutushukia zikiwa zimepangwa kule, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Huku pwani hewa ni nzito, na jeti ile ile huipa injini mafuta pungufu. Gari litanguruma vizuri uani kwako, lakini likipakiwa mzigo wa kupeleka Marafa, ukikanyaga mafuta linakohoa kupitia kabureta. Lisimamishe, chomoa plagi. Nyeupe kama chokaa ni njaa, masizi meusi ni shibe ya kupita kiasi, kahawia ndiyo unayoitaka. Namba ya jeti ni kipenyo chake: 135 ni milimita 1.35. Panda hadi 140, ujaribu barabarani, usiruke. Wala usipanue tundu kwa waya kama wafanyavyo baadhi ya wakubwa zetu, maana hapo hutajua tena una namba gani.

Namba ulizoacha ziandike kwa rangi chini ya boneti. Mwenye gari atarudi tu.