Mota ya winchi ikiungua, ifungue kabla hujanunua nyengine

Moshi ukianza kutoka kwenye mota ya winchi, ile mashine ya kuvutia kwa kamba inayofungwa kwenye gari, achia kitufe cha rimoti kisha kimbilia betri uchomoe waya wa hasi. Usiishie kwenye rimoti. Kontakta, yaani swichi zinazopitisha umeme wa mota, zikipata joto kali, ncha zake huweza kugandana kama zimechomelewa, na hapo winchi itaendelea kuvuta hata rimoti ukiitupa baharini. Ndiyo maana nasisitiza kila gari yenye winchi iwekewe swichi kuu ya betri, tena mahali panapofikika kwa mkono mmoja. Kutafuta spana namba 10 huku kamba ya chuma imekaza mbele yako ni hatari kwako na kwa waliosimama karibu.

Yangu iliungua Pemba, upande wa Makangale, nikimvuta jamaa aliyekwama na pikapu kwenye mchanga wa Vumawimbi. Maji yalikuwa yanajaa, tena ya bamvua, na kwetu tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua hufika kiasi cha mita 4, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuzungumza. Winchi ilianza vizuri. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa nzito, na kabla moshi haujaonekana ikaja harufu ya vanishi inayoungua, kali, ya kukaba koo. Pikapu tuliitoa kwa nguvu za watu: tukapunguza upepo wa matairi, tukachimba mbele ya magurudumu, tukatandika makuti, na vijana wa dago la wavuvi wakaja kusukuma. Mungu awalipe.

Kila niliyemuonesha alisema neno moja: imekufa, nunua nyengine. Mzee mmoja wa Chake Chake, fundi wa staata na alteneta, ndiye aliyekataa.

"Ami, hii si imekwisha?" nilimuuliza.

"Mwanangu, mota haiungui yenyewe, huunguzwa. Ukifunga mpya hujamjua aliyeiunguza hii, ataiunguza na hiyo."

Aliyeiunguza tulimkuta kwenye waya wa hasi. Gereji iliyonifungia winchi ilikuwa imeubana waya huo kwenye bampa, juu ya rangi, badala ya kuufikisha betri. Chumvi ikaingia chini ya bolti, kutu ikatanda, na umeme ukawa unapita kwa taabu. Kwa taa au redio usingeona kitu. Winchi ni jambo jengine. Winchi ya volti 12 ya kuvuta kilo 4,300 hivi inaweza kula zaidi ya ampea 400 ikibebeshwa mzigo wake wote. Chukua kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.005 tu, yaani kidogo kiasi kwamba mita za kawaida za kupimia umeme hazikioneshi vizuri. Kwa ampea 400 kiungo hicho kinapoteza volti 2 na kuzalisha wati 800 za joto pale pale kwenye bolti. Mota nayo inabaki na volti pungufu.

Hapo wengi hudhani volti zikipungua mota inapumzika. Sivyo. Mzigo ukiwa ule ule, ampea hazipungui. Kinachopungua ni mwendo. Kazi ya nusu dakika inachukua dakika nzima au zaidi, na mota hizi zimefungwa pande zote, hazina feni, joto halina pa kutokea. Tena mota inapozunguka hujitengenezea volti zinazosukumana na zile za betri, na hizo ndizo zinazouzuia umeme usiingie kwa fujo. Ikienda polepole, kinga inapungua. Ikisimama kabisa na wewe bado umebonyeza kitufe, kinga haipo tena, na shaba ya ndani inageuka jiko.

Sasa yako ikigoma, usiihukumu kwa harufu peke yake. Mara nyingi kinachokufa ni kontakta, au rimoti, au waya, na mota iko salama. Jaribio ni rahisi. Legeza klachi ya ngoma, lile pipa linaloviringisha kamba, ili kamba isivutwe, kisha iruke kontakta kabisa, umeme utoke betri moja kwa moja hadi kwenye mota. Mota nyingi zenye koili za fildi, yaani nyaya zinazotengeneza sumaku umeme ukipita, zina nguzo tatu za kufungia waya zilizoandikwa A, F1 na F2. Unganisha A na F1 kwa kipande cha waya mnene, peleka chanya ya betri kwenye F2, na hasi kwenye mwili wa mota. Ikizunguka, badilisha: A na F2 pamoja, chanya kwenye F1, izunguke upande wa pili. Ikizunguka pande zote mbili kwa nguvu, tatizo lako liko kwenye kontakta au nyaya, na umeokoa fedha nyingi. Kama mota ina nguzo mbili tu, hiyo ni ya sumaku ya kudumu, na unaigeuza kwa kubadilisha chanya na hasi.

Isipozunguka, ifungue. Kwa kawaida ni bolti mbili ndefu zinazopita urefu wote wa mota. Chora alama kwa msumari kwenye kifuniko na kwenye mwili ili urudishe vile vile. Ndani ya yangu nilikuta vumbi jeusi la kaboni limeshikana na unyevu likawa kama tope, na kaboni mbili, vile vijiwe vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimenata kwenye vishikio vyake kwa kutu, springi zinasukuma lakini hazisogei. Hilo peke yake huifanya mota ionekane imekufa. Ukikuta hivyo, safisha, weka kaboni mpya za kipimo kile kile, pitisha msasa laini wa kawaida kwenye duara la shaba la amecha, yaani kiini cha mota kinachozunguka, na ukwangue mifereji kati ya vipande vya shaba isibaki na uchafu.

Lakini fundi alinionesha kitu chengine: vidoto vya rangi ya fedha vimerukia ukuta wa ndani, vidogo kama punje za mtama. Ile ni risasi ya kuchomelea iliyounganisha nyaya na vipande vya shaba. Iliyeyuka, na amecha ilipozunguka ikairusha. Ukiviona vidoto hivyo, au vanishi imekuwa nyeusi na inabanduka kwa kucha, amecha imeungua kweli. Thibitisha kwa mita: kati ya kipande chochote cha shaba na shafti ya chuma pasiwe na mawasiliano hata kidogo. Yangu ilikuwa nayo.

Kusuka upya au kununua? Mafundi wa kusuka mota tunao, na kwa pampu za maji na feni kazi yao ni nzuri. Amecha ya winchi ina waya mnene, mizunguko michache, na haina nafasi ya kufanyia kosa. Ikisukwa vibaya itatikisika na kuungua tena. Mimi ningemsukisha tu mtu niliyeona kwa macho amesuka amecha ya staata na bado inafanya kazi. Bila hivyo nunua mota peke yake, siyo winchi nzima. Gia na ngoma hudumu kuliko mota, na mota za winchi nyingi hufanana. Hata ukiagiza Dar es Salaam, nenda na vipimo: volti 12 au 24, umbali kati ya matundu ya bolti, umbo la ncha ya shafti, na idadi ya nguzo. Bora zaidi, mpe anayevuka na boti ile mbovu yenyewe aende nayo mkononi.

Mpya ikishafungwa, waya wa hasi uende moja kwa moja betri, unene sawa na wa chanya, na viungo vipakwe grisi. Kisha pima volti kwenye nguzo za mota yenyewe wakati inavuta mzigo, injini ikiwaka. Kwa winchi ya volti 12, zikishuka chini ya 10, bado kuna kiungo kibovu au betri imechoka. Alteneta ya kawaida haifikii hata nusu ya ampea 400, kwa hiyo anayebeba kazi ni betri.

Na vuteni kwa kapi, jamani. Mabaharia wetu hawapandishi foromali nzito, ule mti wa tanga, bila makapi, na sisi tunataka gari ya tani mbili itoke kwenye tope kwa kamba moja. Peleka kamba hadi kwenye mti, ipite kwenye kapi, irudi kwenye ndoano ya gari yako: mzigo wa mota unakaribia nusu. Faida ya pili ni kwamba kamba nyingi inatoka kwenye ngoma. Nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ya tabaka la kwanza tu la kamba kwenye ngoma. Ukifika tabaka la nne umepoteza kama theluthi. Funga kwa mkanda mpana, na uchague mwembe au mti wa mwituni. Mkarafuu uache, ule ni mali ya mtu na magome yake yakichubuka umemtia hasara. Pwani pasipo na mti, zika tairi la akiba kwenye mchanga, lisimame, ufunge humo.

Vuta kwa vipande vifupi, visivyofika dakika, kisha shika mota kwa kiganja. Kama huwezi kuacha mkono pale, ngoja. Ukitoka pwani, mwagia winchi maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo, na kila baada ya wiki chache izungushe bila mzigo ili kaboni zisinate. Masika yanaanza mwezi wa tatu. Mimi ya kwangu naifungua mwezi wa pili, naangalia kaboni na bolti ya hasi, naifunga.