Omba chumba cha upande wa uani

Ndugu, umeuliza kama hoteli ya kihistoria katikati ya jiji itamfaa mama yako mzee, kwani unahofia kelele. Mpeleke, ila usipokee chumba chochote tu. Omba cha upande wa uani, ghorofa ya juu kabisa. Majengo ya kale yaliyohifadhiwa mara nyingi hayaruhusiwi kubadilishwa madirisha, hivyo kioo hubaki kimoja chembamba na honi za barabarani huingia zote. Sakafu za mbao nazo hulia. Wa juu yako akivua kiatu, unasikia. Kabla ya kulipa, piga simu uulizie lifti. Nyingine huanzia baada ya ngazi za mlangoni, na magoti ya mama ndiyo yatakayoteseka. Maji ya moto yakichelewa, acha bomba wazi kidogo, yanatoka mbali.