Sekunde 7 ni za mtoto anayezaliwa

Wapo wanaodhani jina la wimbo “7 Seconds” ni hesabu ya bomu kabla halijalipuka. Hapana, sivyo. Sekunde 7 katika wimbo huo wa waimbaji Youssou N'Dour na Neneh Cherry ni zile za kwanza za mtoto akishatoka tumboni, kabla hajajua ukatili na shida za dunia. Neneh mwenyewe aliueleza hivyo. Sikiliza kuelekea mwishoni, ule mstari anaosema mtoto anapozaliwa hana habari kabisa na rangi ya ngozi yake. Hapo ndipo wimbo unapofunguka wote, mimi kila nikifika pale naacha ninachofanya.

Na yale maneno ya mwanzo ambayo wengi tunayabumbabumba ni Kiwolofu cha kwao Youssou, Senegali. Baadaye anaingia na Kifaransa, Neneh anaimba Kiingereza.

Na mwaka sahihi wimbo ulipotoka ni 1994. Anayesema 1996 anaelekea kuchanganya na albamu ya Neneh, “Man”, iliyoubeba wimbo huohuo baadaye. Kabla ya hapo ulishakuwamo kwenye “The Guide (Wommat)” ya Youssou.