Kitabu Kisicho na Mtihani

Kila anayelalamika kwamba siku hizi hasomi humtaja mtuhumiwa mmoja tu: simu. Sikatai, simu ina kesi ya kujibu na nitaifikia. Lakini mbane kidogo huyo mlalamikaji, muulize kabla ya simu janja alikuwa akisoma nini. Wengi watakutajia vitabu vya kidato cha nne, labda na cha sita. Mtihani ulipopita, kusoma nako kukapita. Simu ilikuta nafasi iko wazi, ikaingia.

Nimeanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi tunaopeana huanzia kwenye simu: izime, ifiche, futa programu fulani. Unaweza kuifungia simu kabatini na bado ukabaki unakodolea dari macho, kwa kuwa hicho kitabu ulichoshika hukitaki. Mimi niliporudi kusoma nilianza na kitabu. Simu ilifuata baadaye, na wakati huo ilikuwa kazi nyepesi.

Hebu kumbuka tulivyokutana na riwaya kwa mara ya kwanza. Tulipewa orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, wahusika, mandhari, tamathali za semi. Wapo waliofaulu vizuri kabisa bila kuifungua riwaya yenyewe, maana vitabu vya uchambuzi vilikuwepo na vilishawatafunia kila kitu. Mtu aliyelelewa hivyo, akishika hadithi akiwa na watoto wawili na mkopo wa benki, akili yake inaanza kusaka dhamira ukurasa wa kwanza. Hajafika wa kumi, kachoka.

Halafu utu uzima nao una silabasi yake: vitabu vya mafanikio. Jinsi ya kutajirika, jinsi ya kuamka saa kumi alfajiri, jinsi ya kumvutia bosi. Vina watu wake na sitawagombeza. Ila kwa mtu anayejenga upya mazoea ya kusoma, naviona ni chaguo baya. Kila sura inakupa kazi ya nyumbani, na ukifunga kitabu unajihisi umefeli kitu. Nani atatamani kurudi hapo kesho jioni baada ya foleni ya saa mbili?

Siku yoyote ya kazi, ingia Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Utawakuta watu, na inafurahisha. Lakini tupa jicho mezani: madaftari, mitihani ya miaka iliyopita, vikokotoo. Kusoma kwetu kumefungwa kwenye cheti kiasi kwamba anayesoma bila sababu anaonekana ana tatizo. Konda mmoja wa daladala za Gongo la Mboto aliwahi kuniona nimeinamia kitabu, akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Dada, una mtihani leo?" Nikamwambia hapana, nasoma hadithi tu. Akafikiri kidogo, akasema, "Haya, kila la heri hata hivyo."

Na si kwamba Waswahili hatujawahi kusoma kwa raha. Miaka ya 1970 na 1980 watu waligombania visa vya Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, kitabu kikapita mikono hadi jalada linang'oka. Jarida la Sani, lenye katuni za akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, lilisomwa mpaka kwenye vibanda vya kunyolea. Kulikuwa na hadithi za kuendelea magazetini, unanunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu wa ndani. Hakuna aliyeulizwa falsafa ya Lodi Lofa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu uchukue huu: tafuta kitabu ambacho hakuna mtu atakayekuuliza swali juu yake, wala hakitakuongezea mshahara. Upelelezi, mapenzi, vituko, maisha ya mchezaji wa mpira, chochote kinachokufanya utake kujua kilichotokea baadaye. Mimi nilirudi kupitia Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Msa ana kiko chake, ana rafiki yake Najum anayekuwa nyuma yake hatua moja kila mara, na Kiswahili cha mwandishi ni kitamu hata pale ambapo sisi wa bara tunaachwa na maneno mawili matatu. Hayo maneno usiyakimbilie kwenye simu. Pigia mstari kwa penseli, songa mbele, utayatafuta kwenye kamusi kesho. Mengi yatajieleza yenyewe ukurasa unaofuata.

Kitabu kisipokuvuta, kiache. Shuleni hatukuwa na ruhusa hiyo, ndiyo maana watu wazima tunabaki na kitabu kimoja kando ya kitanda mwaka mzima, hatukisomi na hatuthubutu kuanza kingine. Mpe mwandishi kurasa thelathini hivi. Akishindwa kukushika, si kosa lako.

Sasa simu. Ni vizuri kujua unashindana na nini. Mwaka 2006 Mmarekani mmoja, Aza Raskin, alibuni ule utaratibu wa ukurasa wa mtandaoni kujijaza wenyewe kila unapoteremka, usifike mwisho kamwe. Miaka baadaye akasema hadharani kwamba anajuta. Ukiujua huo mtego, unaona faida ya kitabu ambayo hatuisemi: sura huisha. Mwisho wa sura unaweza kusimama bila kujilazimisha. Kwa hiyo anza na vitabu vyenye sura fupi, na panga kusoma kwa sura, usipange kwa dakika. Ukisoma kwa dakika utatazama saa, na saa iko kwenye simu.

Jambo linalotuhusu sisi hasa ni bando. Ukinunua la saa 24 na linakufa usiku wa manane, saa nne usiku unaanza kuperuzi kwa uchungu wa MB zitakazopotea. Usingizi unakubana, nawe unatazama video za watu wanaokatakata sabuni. Mimi nilihamia bando la mwezi. Kwa siku halinipunguzii gharama kwa kiasi cha kusimulia, ila ule uchungu wa usiku ulikwisha.

Kuhusu simu kulala chumbani, najua pingamizi zote, nimezitoa mwenyewe. "Nikipigiwa kutoka nyumbani kuna mgonjwa je?" Pingamizi la haki kabisa. Ndiyo maana laini wanayoipigia ndugu niliihamishia kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, hiyo ndiyo inalala karibu nami. Simu kubwa inachajiwa sebuleni. "Itaniamsha nini?" Kitochi kina kengele, tena ya kutisha.

Siku za mwanzo mkono utaenda mfukoni wenyewe kila baada ya aya mbili. Utakumbuka kumuuliza fundi bei ya bati, utataka kujua yule mwigizaji aliolewa na nani, utahisi mama mdogo amekujibu. Usipigane na mawazo hayo. Weka kipande cha karatasi ndani ya kitabu na uyaandike hapo: bati, mwigizaji, mama mdogo. Ukimaliza sura, isome orodha yako. Bati litabaki. Mama mdogo atabaki, na ni vyema umpigie. Mwigizaji utashangaa ulimtaka wa nini.

Kuna jambo dogo lililonigharimu muda mrefu kulitambua: mwanga. Nyumba zetu nyingi zina globu moja katikati ya dari, wewe uko ndani ya chandarua, na kitabu kinaangukiwa na kivuli cha kichwa chako. Simu inajimulika yenyewe. Unadhani umechoka kusoma, kumbe macho ndiyo yamechoka. Taa ya kubana kichwani mwa kitanda, au ile ndogo ya sola ambayo umeme ukikatika haijali, itakusaidia kuliko maazimio yote ya Januari.

Kwenye daladala ni bahati nasibu. Ukipandia mwanzo wa kituo na ukapata kiti, kitabu kinafaa kabisa. Ukisimama umeshika bomba, kikwapa cha mtu kikiwa usoni, achana nacho, sikiliza redio ya dereva kama wenzio. Na wengine gari likitikisika kichwa kinauma. Usijitese ili uonekane msomaji.

PDF za kwenye magrupu ya WhatsApp sizipendi kwa kazi hii. Mwandishi hapati hata senti, hilo la kwanza. La pili, unajaribu kujitenga na simu ukiwa ndani ya simu. Kama unaishi mahali pasipo duka la vitabu, au uko Muscat au Minnesota na kitabu cha Kiswahili hakifiki, basi nunua toleo la kielektroniki likiwepo, zima data na uzime na arifa kabla hujafungua. Inawezekana, ila utahitaji nidhamu zaidi ya mwenye karatasi.

Vitabu vya bei ya chini vipo. Wauzaji wa mitumba wanaopanga vitabu kando ya barabara mjini Posta wana hazina iliyochanganyika na takataka, na kuchambua ndiyo nusu ya raha. Fungua usome ukurasa mmoja hapo hapo, muuzaji hachukii. Angalia pia kama kurasa za mwisho zipo, hasa ukinunua upelelezi.

Ukikipenda kitabu, mpe mtu asome, kwa sababu mkibishana juu ya nani muuaji utapata hamu ya kingine haraka kuliko ukisoma peke yako. Lakini andika jina lako ndani, na usitegemee kukiona tena. Kile ambacho ningeumia kukipoteza mimi siazimishi, hata kwa ndugu. Nakununulia nakala yako.