Swali la lugha: Moroko walibadili sheria au sharia?

Swali limetoka kwa kijana wa Ngamiani hapa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Juzi baada ya isha tulikaa barazani tunakunywa kahawa, tukawa tunaongelea Moroko walivyobadili mambo ya ndoa mwaka 2004. Mmoja akasema wamebadili sharia ya Mungu, mwenzie akamjibu wamebadili sheria tu, basi ikawa ugomvi mpaka watu wakaanza kukufurishana. Sheria na sharia ni neno moja au mawili? Na tukisema 'mageuzi ya dini' ni sawa au tuseme islahi? Maana wengine wanasema wanamageuzi ndo hao hao Answari."

Marhaba mwanangu. Nashukuru umeuliza, maana ugomvi huu nimeusikia sana na unaniuma, watu wanaoswali safu moja wananuniana wiki nzima na hakuna aliyemuuliza mwenzie, je wewe ukitaja neno hili unakusudia nini.

Asili yake ni neno moja la Kiarabu, hilo halina mjadala. Liliingia pwani likalainika likawa sheria, na kwa muda mrefu lilitosha. Ila baadae likapanuka, likabeba kila kitu kinachotungwa na serikali, mpaka leo ukisema "sheria inasema" mtu wa Chumbageni anafikiria bunge, polisi na mahakama kabla hajafikiria msahafu. Waarabu wenyewe hawakufanya hivo. Kwao kinachopitishwa na bunge kinaitwa qanun. Na neno hilo sisi tunalo, ni kanuni, lakini tumelishusha cheo: kanuni za mchezo, kanuni za afya, kanuni anazotunga waziri chini ya sheria. Kwa hiyo habari ikitoka Rabat au Cairo kwamba qanun fulani imebadilishwa, mtangazaji wetu anasema "sheria imebadilishwa" na yuko sahihi kabisa kwa Kiswahili, lakini msikilizaji aliyepita chuo cha Qur'ani anasikia sharia, na hapo ndo moto unapowaka.

Sasa hii tahajia ya "sharia" yenye a, watu wameirudisha makusudi ili kutenganisha, na mimi naiunga mkono japo wapo walimu wenzangu wanaiona ni ya kujitakia. Angalia sarufi yenyewe inavyokubali: sheria inahesabika, tunasema sheria tano, tunasema Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971. Sharia haihesabiki. Ukisema "sharia tano" sikio linakataa, maana inataja njia nzima aliyoiweka Mungu. Kwa hiyo ndio, asili moja, lakini kwa matumizi ya leo ni maneno mawili na yatumike kama mawili.

Lakini hata hayo mawili hayatoshi kumaliza ugomvi wenu, linahitajika la tatu ambalo kila aliyesoma Safina, kile kitabu kidogo cha chuoni, analijua na barazani halitajwi: fikihi. Fikihi maana yake ya asili ni kufahamu. Sharia ni anachokitaka Mungu, fikihi ni walichokifahamu wanazuoni katika kukitafuta, na ndo maana wakatofautiana na bado tunawaombea rehema wote. Hapa Tanga tuna bahati, Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy aliyekuwa kadhi zama za Mwingereza aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Mirathi na kingine cha Nikahi, na vyote ni fikihi ya Kishafii, madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata sisi, yani ni Kiswahili ambacho kilishaweza kulibeba jambo hili kabla hatujazaliwa.

Chukua hao Moroko. Ni nchi ya Kimaliki, na katika madhehebu ya Maliki kama ilivyo kwetu Mashafii mwanamke haozeki bila walii, yani baba au ndugu wa kiume wa kumuozesha. Sheria yao ya 2004, wanaiita Mudawwana, ikasema mwanamke mtu mzima walii ni haki yake, akitaka atamtumia, asipotaka ataolewa kwa kauli yake mwenyewe. Hiyo inashtua ukiisikia mara ya kwanza. Lakini Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi aliyefariki 767, alishasema mwanamke aliyebaleghe na mwenye akili timamu anaweza kujiozesha. Sasa ukisema Moroko hapo wameacha sharia, umemtoa na Abu Hanifa humo humo, na najua rafiki yako wa barazani hakukusudia hivo. Alichotakiwa kusema ni kwamba wameacha kauli ya madhehebu yao katika fikihi wakachukua ya wengine. Hapo anaweza akapinga kwa hoja, na kuna hoja nzuri tu za kupinga. Hata mfalme wao Mohammed VI alipopeleka mswada bungeni Oktoba 2003 alisema hawezi kuhalalisha alichoharamisha Mungu wala kuharamisha alichohalalisha. Umri wa mwanamke kuolewa ukapanda mpaka 18 sawa na wa mwanamume, mke wa pili hakukatazwa ila lazima jaji aruhusu. Na wao huko waligawanyika vile vile, Machi 2000 siku moja watu waliandamana Rabat kuunga mkono mpango wa mabadiliko ya mambo ya wanawake na wengine wakaandamana Casablanca kuupinga.

Maneno yakikaa sawa unaona kumbe nchi hazifanani hata kidogo. Uturuki walifuta ukhalifa mwaka 1924, na 1926 wakachukua sheria ya madai ya Uswisi wakaifanya yao, hapo mtu akisema "waliiacha sharia" nitamkubalia, lugha imekaa mahala pake. Tunisia mwaka 1956 walikataza kabisa mke wa pili, lakini hoja waliyoitoa ilitoka ndani: aya ya 3 ya Suratun Nisaa inashurutisha uadilifu, na aya ya 129 inasema hamtoweza kufanya uadilifu baina ya wanawake hata mkipania. Wanazuoni wengi waliikataa hoja hiyo na wanaikataa mpaka leo, ila ni hoja ya msomaji wa aya. Ukiziita nchi zote tatu "zimebadili sharia" umezifunga kwenye kifurushi kimoja na hujaeleza chochote.

Kuna maneno mengine mawili nataka uyachunge sana, maana yamejificha ndani ya Kiswahili chetu cha kila siku. La kwanza ijtihadi. Sisi tunalo kama jitihada, mwanafunzi afanye jitihada, timu ilionyesha jitihada. Mwanachuoni akitaja ijtihadi anasema kitu kizito zaidi, kuchosha akili katika dalili mpaka ufikie hukumu, tena mwenye sifa za kufanya hivo. Kwa hiyo ukitafsiri "mlango wa jitihada umefungwa" msomaji atashangaa, nani kakataza watu kujibidiisha. Andika ijtihadi. La pili ndo linaniudhi zaidi, maslahi. Wanausuli, yani wataalamu wa misingi ya fikihi, wamejenga mlango mkubwa juu ya maslaha, kwamba hukumu zimewekwa kwa ajili ya manufaa ya waja, na Shatibi wa Andalusia aliyefariki 1388 ameliandikia sana jambo hilo. Kwetu maslahi yameshageuka mshahara na posho, "maslahi ya walimu", au ubinafsi, "anaangalia maslahi yake". Ukisema "sheikh fulani ametoa fatwa kwa kuangalia maslahi" watu wa Tanga mjini wote wataelewa kalipwa. Umemtukana mtu bila kujua. Sema manufaa ya umma, au sema maslaha kisha ufafanue.

Siasa nayo hivo hivo, wazee wetu wakisema fanya jambo kwa siasa walikuwa wanamaanisha kwa upole na utaratibu, leo ni vyama na majukwaa. Ali Abdel Raziq wa Misri alipoandika mwaka 1925 kwamba Mtume alikuja na ujumbe na hakutumwa kuasisi dola, wakubwa wa Azhar, chuo kikuu cha dini cha Cairo, walimvua uanachuoni wake. Nimeona watu wakimfupisha kwa "alisema dini isiingie kwenye siasa" na hapo msomaji wetu anawaza sheikh kupanda jukwaa la kampeni. Yeye alikuwa anaongelea utawala na ukhalifa, basi andika utawala.

Sasa mageuzi. Sikushauri useme "mageuzi ya dini". Kugeuza ni kukipa kitu sura nyingine au upande mwingine, na kwa Mtanzania mageuzi bado yana harufu ya vyama vingi vya 1992, mpaka chama kikajiita NCCR-Mageuzi. Ukisema mageuzi ya sheria za ndoa sawa, hizo ni za bunge. Ya dini, hapana, umeshampa mpinzani wako silaha kabla hujaanza kueleza. Islahi ni bora, na si ngeni, ni ukoo mmoja na suluhu na hilo hilo maslahi, maana yake ni kutengeneza kilichoharibika. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliliita gazeti lake Al-Islah mwaka 1932, akiwa amesoma fikra za akina Muhammad Abduh wa Misri na Rashid Rida, na watu wa pwani walilisoma kwa Kiswahili.

Na hapo ndo jibu la swali lako la mwisho. Sheikh Al-Amin alipinga kwa ukali bidaa, yani mambo yaliyozuliwa katika dini, na papo hapo alihimiza Waislamu wasome elimu ya kisasa. Baada yake njia zikaachana. Wapo waliochukua lile la kupinga bidaa, na kwao maulidi na khitma na kadhalika ni bidaa, hao ndo mnawaita Answari, na wao wanasema wanafanya islahi kwa kurudi kwenye Kitabu na Sunna. Wapo wengine wanaotaka hukumu za ndoa, mirathi na utawala zisomwe upya kwa ijtihadi, nao pia wanasema islahi. Mara nyingi hawa wawili hawaelewani kabisa. Kwa hiyo ukiandika "wanaislahi" ongeza maneno mawili ya kusema wanataka kutengeneza nini, ibada au sheria, na sentensi yenu ya barazani iandikwe hivi: mwaka 2004 Moroko walibadili sheria yao ya ndoa, katika suala la walii wakaacha kauli ya Maliki wakafuata fikihi ya Hanafi, na wanazuoni wanabishana kama hilo linafaa.