Maswali ya wanafunzi wa usimamizi wa ujenzi

Hesabu zinanitesa. Nibadilishe kozi?

Usibadilishe bado. Utakazokutana nazo kila siku ni hesabu za maeneo, ujazo, asilimia na mteremko. Rudia ujazo wa zege mpaka uuzoee, hasa kugeuza milimita kuwa mita, maana hapo wengi huteleza.

Kwa nini tuchore ratiba kwa mkono ilhali programu zipo?

Programu hupanga ulichoiambia tu. Kwa mkono, kila mshale unakulazimisha ujiulize: kazi hii inasubiri nini? Chukua chumba kimoja. Kupitisha mabomba ya nyaya ukutani ni siku 3, kisha plasta siku 5. Wakati huohuo milango inatengenezwa karakana kwa siku 6, na itafungwa plasta ikiisha. Milango ina siku 2 za kuchelewa bila madhara. Plasta haina hata moja. Ukiliona hilo, unajua fundi wa ziada umpeleke wapi.

Maji, umeme na hewa vina mafundi wake. Msimamizi navisoma vya nini?

Kwa sababu vyote vinagombea nafasi ileile juu ya dari. Bomba la majitaka lenye mteremko wa 1 kwa 40 linashuka milimita 150 katika urefu wa mita 6, na huwezi kulipandisha njiani ili likwepe kitu. Nyaya zinapindika. Basi kwenye mchoro lianze bomba, ifuate mifereji mikubwa ya hewa, nyaya ziwe za mwisho. Mpangilio ukikosewa, kuna mtu atataka kutoboa boriti.

Somo la nyaraka linachosha: barua, idhini za michoro, fomu za mabadiliko. Nilikuja kujifunza kujenga.

Hili ndilo somo ninalolitetea kuliko yote. Julai 17, 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya waenda kwa miguu yaliyoning'inizwa juu ya ukumbi yalianguka. Watu 114 walikufa. Mchoro wa awali ulikuwa na fito ndefu za chuma zilizoshuka kutoka juu bila kukatika, zikishika daraja la ghorofa ya 4 na lile la ghorofa ya 2 chini yake. Ili kurahisisha kazi, kila ufito ukageuzwa kuwa miwili: mmoja wa kushika daraja la juu, mwingine wa kuning'iniza la chini kutoka kwenye boriti za la juu. Kwa macho ni badiliko dogo. Lakini nati iliyo chini ya boriti ya juu, ambayo ilitakiwa kubeba daraja lake tu, sasa ilibeba yote mawili. Badiliko likaidhinishwa bila kiungo kile kukokotolewa upya.

Kwa hiyo fomu inayokuchosha inauliza nani ameomba, nini kinabadilika, nani amekokotoa. Mimi ningeongeza swali moja kabla ya sahihi yoyote: mzigo sasa unapita wapi?

Mwenzangu anasema zege likikauka ndiyo limekomaa. Ni kweli?

Hapana. Zege hukaza kwa saruji kuungana na maji kikemikali, si kwa kukauka. Likikauka mapema, nguvu haifiki. Kipimo cha siku 7 ni dalili tu, nguvu iliyoagizwa kwa kawaida huthibitishwa siku ya 28. Endeleeni kulimwagilia na kulifunika.